Anemoni Hachaguliwi Mahali



Katika chumba tunamopokelea wageni, nyumbani kwetu Likasi, imetundikwa picha moja ambayo hakuna mtu angeisifu. Inaonyesha jiwe lenye matundu, maji ya buluu, na pembeni kabisa, nyuma ya jiwe, kitu kinachofanana na nusu ya ua. Mwezi uliopita kijana mmoja wa kikundi cha parokia alikuja kuazima kitabu, akaitazama muda mrefu, kisha akauliza: «Mwalimu, hili ni ua gani? Na mpiga picha alikuwa na haraka gani hata akakata nusu yake?» Tulimjibu kwamba si ua, ni mnyama, na kwamba mpiga picha tulikuwa sisi wenyewe, wala hatukuwa na haraka. Hakusadiki hata moja kati ya hayo mawili. Ndipo tukamwahidi kuandika habari yote katika ukurasa huu.

Mnyama huyo anaitwa anemoni wa bahari. Ni wa jamii moja na matumbawe. Hana mfupa, hana kichwa wala macho. Mwili wake ni kama mfuko: juu kuna kinywa, na kinywa hicho hicho ndicho mlango wa kuingiza chakula na wa kutoa uchafu. Kinywa kimezungukwa na minyiri, yaani vidole vingi laini vyenye sumu ya kuchoma viumbe vidogo. Chini ana wayo, na kwa wayo huo hushika jiwe. Anayemwona kwa mara ya kwanza hudhani ameota pale kama mmea. Kumbe hutembea: polepole mno, lakini hutembea, naye haachi kutembea mpaka apate mahali panapomfaa. Neno hilo mlishike, kwa sababu sisi tulichelewa kulishika.

Likasi iko mbali na bahari yoyote, nasi tulikuwa tumepita umri wa miaka thelathini kabla ya kuonja maji ya chumvi. Mwezi wa tisa wa mwaka 2001 tulitumwa Liège, mji wa Ubelgiji ulio kando ya mto Meuse, kwa masomo ya miaka mitatu ya kuandaa walimu. Mke na watoto walibaki nyumbani. Nchi yetu ilikuwa bado vitani, na simu ilikuwa ghali. Mwalimu wa elimu ya viumbe katika shule ile, mzee mwembamba asiyependa maneno mengi, aliona kwamba jioni zetu ni ndefu. Siku moja akatupeleka mbele ya tangi tupu la kioo la lita 120, akasema: «Hili litakuwa lako. Utalijaza bahari.»

Kujaza bahari! Tulidhani ni kazi ya asubuhi moja. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi katika kila lita. Kwa hiyo tangi letu lilihitaji kilo nne na gramu 200. Tena si chumvi ya jikoni, bali chumvi iliyotayarishwa kwa kazi hiyo pamoja na madini mengine ya bahari, na maji yake si ya bomba, bali yaliyochujwa hata yakabaki maji matupu. Tukayachanganya, tukaweka mchanga mweupe na mawe yenye matundu, tukawasha pampu, tukaweka kipimajoto kwenye nyuzi 25. Ilipofika jioni tukaenda kwa mzee na kumwuliza ni lini anemoni ataletwa. Akatazama kalenda ukutani. «Mwezi wa tano,» akasema. Tulikuwa katika mwezi wa kumi.

Sababu yake tuliielewa baadaye. Kila kiumbe kinachoishi ndani ya maji hutoa uchafu, na uchafu huo huzaa amonia, ambayo ni sumu. Mtoni au baharini maji ni mengi na sumu hupotea. Ndani ya kioo haina pa kwenda. Wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana ikiwa kidogo. Bakteria hao hawanunuliwi na kumwagwa wakafanya kazi siku ile ile. Huzaliana katika mawe na mchanga kwa majuma mengi. Hata baada ya hapo tangi jipya huyumbayumba kwa miezi, leo hivi, kesho vile. Samaki wengine wanaweza kuvumilia kuyumba huko. Anemoni hawezi. Na tangi likiwa dogo ndivyo linavyoyumba zaidi, kwa maana kosa dogo ndani ya lita 120 ni kosa kubwa.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la hesabu. Maji yalipungua kila siku, karibu lita moja, nasi tukawa tunajaza pengo kwa maji ya chumvi, kwa kuwa tuliambiwa tangi hili ni la maji ya chumvi. Baada ya majuma matatu mzee alipima maji, akatuuliza: «Jua linapokausha maji, chumvi huenda wapi?» Tuliona haya, sisi tuliokuwa tumefundisha darasa la sita miaka saba. Maji huenda hewani, chumvi hubaki. Tulikuwa tunaongeza chumvi juu ya chumvi. Tangu siku ile tulichora mstari kwenye kioo kwa kalamu nyeusi, na kila asubuhi tukarudisha maji mpaka kwenye mstari kwa maji matamu yasiyo na chumvi. Anayefuga anemoni akishika jambo hili moja tu, ameshika karibu nusu ya kazi.

Mwezi wa tano wa 2002 anemoni akafika, ndani ya mfuko wa plastiki, akiwa amesinyaa kama soksi iliyolowa. Alikuwa wa aina ambayo wataalamu huiita Entacmaea quadricolor: ncha za minyiri yake hufura mara nyingi kama balbu ndogo. Aina hiyo hupatikana katika Bahari ya Hindi pia, hata pwani ya Afrika ya Mashariki. Tulifurahi kusikia kwamba katika chumba kile hatukuwa peke yetu tuliohusiana na Afrika. Tulimzoesha maji mapya tone kwa tone, muda wa saa mbili. Kisha tukamweka juu ya jiwe la mbele, katikati, mahali ambapo kila mtu anayeingia darasani angemwona.

Kesho yake alikuwa kwenye kona ya nyuma. Tukamrudisha mbele. Usiku akaondoka tena. Tukamrudisha mara ya tatu, na safari hii wayo wake ulikuwa umeshika jiwe, tukauvuta kwa vidole. Mzee alituona kutoka mlangoni. Hakutukaripia. Alisema tu kwamba wayo ukichanika, mnyama huyu hupona kwa shida au hafai tena, kisha akauliza kama sisi wenyewe tulipenda kitanda chetu kisogezwe kila asubuhi. Tukaweka mikono mifukoni. Alichoturuhusu kufanya ni kufunika mdomo wa pampu kwa sifongo, kwa sababu anemoni anayetembea akivutwa na pampu hukatwakatwa, na vipande vyake huharibu maji ya tangi zima kwa usiku mmoja. Wengi huwapoteza kwa njia hiyo.

Alitembea siku sita. Mwishowe alishika ufa mmoja upande wa kushoto, wayo ukiwa gizani ndani ya jiwe na minyiri ikiwa nje kwenye mwanga. Baadaye tulijifunza kwamba ndivyo aina yake inavyotaka: mguu ufichwe, uso uone taa. Taa ni chakula chake. Ndani ya ngozi yake huishi vimwani vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humpa mwenyeji wao. Mwanga ukipungua, au joto likizidi, huvifukuza vimwani hivyo na kuwa mweupe. Watu wasiojua husifu weupe huo kwa uzuri wake, kumbe wanasifu njaa. Wetu alikuwa wa rangi ya kahawia yenye kijani, rangi isiyovutia na yenye afya. Mara moja kwa juma tulimpa kipande cha kamba wa baharini, kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Siku nyingine alijikunja akawa kama ngumi, nasi tukakosa usingizi. Asubuhi tukakuta ametema uchafu wake na kufumbuka upya, mkubwa kuliko jana.

Mwezi wa kumi samaki wawili waliingizwa, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe ambao Wafaransa huwaita samaki wachekeshaji. Juma la pili walikuwa wamelala ndani ya minyiri yake bila kuchomwa. Wanafunzi wakaanza kuja hata wakati wa mapumziko. Tunakiri kwamba tulijiona mtu mkubwa.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja samaki mmoja alitokwa na vidoa vyeupe kama punje za chumvi. Mzee alikuwa amesafiri. Kabatini mlikuwa na chupa ya dawa ya ugonjwa huo huo. Tulisoma kipimo chake, tukahesabu mara mbili, tukaimimina ndani ya tangi. Hatukusoma mstari wa chini, ulioandikwa kwa herufi ndogo, uliosema kwamba dawa hiyo ina shaba na isitumiwe penye wanyama wasio na uti wa mgongo. Shaba! Sisi wazaliwa wa nchi ya shaba, ambao baba yetu alikula mkate wa shaba maisha yake yote. Kiasi ambacho samaki hukivumilia, kisichofikia hata miligramu moja katika lita, ni kifo kwa anemoni. Samaki mgonjwa hutibiwa katika chombo chake peke yake, na tangi kubwa huachwa bila samaki majuma manane au zaidi, mpaka vimelea vife kwa kukosa mwenyeji. Hayo tuliyajua baadaye.

Siku ya pili kinywa chake kilikuwa wazi, kimelegea. Siku ya tatu wayo uliachia jiwe. Tulipomtoa alikuwa ute unaonuka, na maji yalikuwa yameanza kufifia. Tuliwahamisha samaki kwenye ndoo, mmoja akaishi.

Sasa tufike penye sehemu ambayo tungependa kuiruka. Mzee aliporudi, mkuu wa shule alikuwa amekwisha kupata maelezo yake. Kulikuwa na mama mmoja aliyesafisha madarasa, mgeni kama sisi, mzaliwa wa Maroko, naye alipangusa vioo kwa dawa ya kupuliza. Mkuu aliamua kwamba dawa ya vioo ndiyo iliyoingia majini. Mama yule alisema hakupuliza karibu na tangi hata siku moja. Hufunika kwa kitambaa kwanza. Aliyasema hayo mbele yetu, kwa Kifaransa kigumu, huku akitutazama sisi, kwa kuwa tulikuwa tumemwona akifunika. Nasi tukanyamaza.

Tulinyamaza siku nne. Tulijitetea moyoni kwa hoja nyingi: kwamba sisi ni mwanafunzi anayelipiwa na kanisa, kwamba masomo yanaweza kukatishwa, kwamba yeye hakufukuzwa, alionywa tu. Alhamisi tulimkuta akisafisha ngazi. Alitusalimu kama kawaida, wala hakuonyesha uchungu. Laiti angetutukana. Tuliweka vitabu chini, tukaenda kwa mzee tukiwa na chupa ya dawa mkononi, na kutoka hapo kwa mkuu. Kisha tukarudi ngazini. Tulimwambia: «Mama, ni sisi tuliomwua, nasi tulijua hivyo tulipokuacha ulaumiwe.» Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, «Sawa,» akaendelea kufagia. Kwa majuma mengi hakutusalimu tena, na tuliona ni haki yake.

Mzee alikuwa na namna yake ya kushughulikia jambo. Alitueleza kwamba huko Scotland mtu mmoja mwenye elimu ya viumbe, Sir John Dalyell, aliokota anemoni kwenye pwani ya North Berwick mwaka 1828, akamweka ndani ya chupa ya kioo na kumbadilishia maji ya bahari. Alikuwa wa aina nyingine, ya maji baridi, asiyehitaji taa. Dalyell alifariki mwaka 1851, anemoni akabaki. Akapita kwa mlezi wa pili, wa tatu, na wengine, akazaa watoto mamia, akaitwa Bibi, naye akafa mwaka 1887. «Miaka hamsini na tisa ndani ya chupa za watu,» mzee akasema. «Wa kwetu, miezi sita.» Hakuongeza neno. Alitupa daftari lenye jalada gumu, akaagiza kwamba tangu siku ile lolote litakaloingia majini, hata tone, liandikwe humo pamoja na tarehe na sahihi.

Ilitubidi kuanza upya. Shaba hunasa katika mchanga na mawe ya chokaa, kisha hurudi majini polepole, kwa hiyo tulivitupa vyote. Tuliosha kioo, tukajaza, tukapima shaba, tukamwaga, tukajaza tena. Mwezi wa kumi na mbili tangi lilikuwa tupu kama siku ya kwanza, na mara hii hatukuuliza ni lini.

Anemoni wa pili alifika mwezi wa sita wa 2003. Tulimweka chini mchangani, tukaondoka chumbani. Daftari lasema alitembea siku kumi na moja. Tulikuwa tunaandika mahali pake kila asubuhi: juu ya kioo, chini ya kioo, karibu na sifongo (usiku ule hatukulala), nyuma ya jiwe, mbele ya jiwe, nyuma tena. Hapo nyuma akatulia.

Mwezi wa nane likaja joto kali la mwaka ule, ambalo liliua watu maelfu katika Ulaya, hasa Ufaransa. Shule ilikuwa imefungwa, mzee yuko likizo, na kipimajoto cha tangi kilipanda mpaka nyuzi 30. Anemoni alisinyaa na rangi yake ikaanza kufifia. Funguo za jengo wakati wa likizo alikuwa nazo mama yule wa Maroko. Tulikwenda kwake nyumbani, tukasimama mlangoni bila kujua tuanze vipi. Alitangulia yeye: «Ni ua lako?» Akachukua funguo, akaja pamoja nasi, tena akabeba feni ya sebuleni kwake.

Upepo ukipita juu ya maji huyapoza, kwa sababu maji yanayokwenda hewani huondoka na joto. Feni ilishusha nyuzi tatu. Lakini maji yalikauka lita tatu kwa siku badala ya moja, na mtu angesahau kuyarudisha, chumvi ingepanda na kumwua aliyeokolewa na feni. Tuligawana: sisi asubuhi, yeye jioni, alipopita kukagua milango. Tulimwonyesha mstari mweusi na ndoo ya maji matamu. Tulipunguza saa za taa, tukafungua madirisha usiku. Kwa siku kumi na mbili daftari lina miandiko miwili, wa kwetu na wake, na wake ni nadhifu kuliko wetu: tarehe, saa, lita. Siku moja aliongeza maneno: «Leo amefumbuka.»

Mwezi wa sita wa mwaka 2004 masomo yaliisha. Tulikabidhi daftari kwa mwanafunzi kijana kutoka mji wa Verviers, tukamwonyesha mstari, sifongo, na kabati ambalo chupa ile haikuwamo tena. Tulitaka kubeba picha. Rafiki mmoja mwenye kamera alishauri tulisogeze jiwe kidogo tu, dakika moja, ili anemoni aonekane mzima. Mama yule alikuwa akipangusa meza, kitambaa kikiwa kimefunika tangi nusu. Aliinua kichwa kumtazama rafiki yetu, kisha akatutazama sisi. Tulichukua kamera mkononi, tukaegemea ukuta kadiri tulivyoweza, tukapiga kutoka pale pale.